Waliolala Ndani ya Tope

Sura ya Tano

TANGAZO RASMI. Majeshi yote yanayopigana, yaliyokwisha kupigana na yanayonuia kupigana kandokando ya Ziwa Tanganyika yafahamu kwamba, katika juma la pili la Mei mwaka 2000, mimi Irakoze, mwanafunzi wa darasa la tano, tawi la biokemia, niliteuliwa kuwa Katibu Mkuu wa Upelelezi, Mhifadhi wa Hadubini na Mwangalizi wa Viumbe Wasioonekana, katika lise, shule ya sekondari ya wasichana, iliyo juu ya mtaa wa Rugenge, mjini Uvira.

Kazi yenyewe ilikuwa kuosha vioo.

Madamu Apollinarie, mwalimu wetu wa biolojia, alinipa kitambaa, nusu kipande cha sabuni na daftari la kuandikia, akaniambia kwamba nikivunja kioo kimoja nitakula ugali mkavu hadi Krismasi. Ndivyo upelelezi unavyoanza katika nchi yenye vita.

Jambo lililopelelezwa lilikuwa hili. Jumatatu alfajiri mwenzetu Annie aliamka kwenda kunawa, akakanyaga kitu cha baridi. Nyayo. Zilikuwa kumi na mbili, nyeusi, bado mbichi, juu ya sementi ya bweni. Zilianzia kwenye pipa la maji lililo pembeni, zikapita katikati ya wasichana thelathini waliolala, zikaishia kwenye kitanda namba kumi na saba. Hazikurudi. Na hazikuwa na vidole.

Kitanda namba kumi na saba kilikuwa cha Amandine. Jumamosi ya tarehe mosi Aprili Amandine alitoka shuleni mbio, akaelekea Kavimvira, mpakani mwa Burundi. Alasiri ile risasi zililia mpakani hadi jua likazama. Mtu mmoja alisema alimwona msichana mwenye yunifomu akiingia katika matete ya mto Ruzizi, maji yakimfika kiunoni. Baada ya hapo hakuna aliyemwona tena. Na Jumapili, siku moja kabla ya nyayo, mama prefe, msimamizi wa nidhamu, alikuwa ametutangazia kanisani kwamba arobaini inatimia juma lile: Jumamosi matanga ya Amandine yangeondolewa, godoro lake lingeoshwa mtoni, na kitanda angepewa msichana mwingine.

Kwa hiyo bweni zima lilisema Amandine amekuja kudai kitanda chake.

Askari wa pozisyo, ile kambi ndogo iliyo chini ya shule, hawakuamini mizimu. Komanda wao alikuja, akachuchumaa, akagusa tope kwa kidole. Alisema mguu usio na vidole ni mguu uliofungwa vitambaa ili usisikike, na anayetembea hivyo ni adui anayejipenyeza. Mlango wa bweni hufungwa kwa nje saa mbili usiku. Ufunguo unao mtu mmoja tu, mlinzi Venant. Venant ni mtu wa Kiringye, kule bondeni. Jumapili alikuwa amekwenda kwake. Buti zake zilikuwa na tope jeusi, na ndani ya buti hizo alikuwa amefunga miguu kwa vitambaa. Komanda hakuhitaji zaidi. Venant alifungwa mikono kwa kamba ya neti na kuketishwa ndani ya kibanda cha lango.

"Ijumaa saa sita mchana ninamuchukua," alisema Komanda.

Tulijua waliochukuliwa hupandishwa gari gani. Hatukujua huteremkia wapi, kwa sababu hakuna aliyerudi kutueleza.

"Afande," Madamu alimwambia, "niachie hizo nyayo mpaka hiyo Ijumaa. Hilo tope litasema lilikotoka."

Komanda alicheka hadi akashika mkanda. "Mama mwalimu, minye nimeuliza bantu bagumu, wakasema. Lakini tope, bado."

"Mtu husema kwa woga," alijibu Madamu. "Tope halina woga. Ndiyo maana huwa halidanganyi."

*

Alhamisi asubuhi jua lilikuwa zuri, na jua ndilo lililokuwa umeme wetu. Maabara ilikuwa imeporwa mara mbili. Hadubini iliokoka kwa kufichwa ndani ya sufuria kubwa ya maharage, chini ya maharage. Haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo cha kunasa mwanga wa dirishani. Annie alishika kioo kingine cha kujitazamia, akiurusha mwanga juu ya kile kidogo. Madamu aliinamisha jicho la kulia. La kushoto lilikuwa na ukungu, lakini lile la kulia liliwatosha walimu wawili.

Siku ya Jumatatu alikuwa amekwangua nyayo kwa wembe. Tope lilikuwa limekwisha kukauka, likawa vumbi. Alitia vumbi hilo katika kisahani A. Katika kisahani B alitia tope lililokaushwa la buti za Venant. Katika kisahani C, udongo mwekundu wa bustani iliyo nyuma ya bweni. Kila kimoja kilipata maji yaliyochemshwa na kupozwa, na punje moja ya mchele. Kisha akavifunika, akafunga mlango, akangoja siku tatu.

"Irakoze, tazama A."

Nilitazama. Kwanza niliona vumbi. Halafu nikaona kwamba vumbi lile lilikuwa likitembea.

Kitu kisicho na umbo kilikuwa kikijimwaga kuelekea upande wa kushoto. Hakikuwa na kichwa, macho wala mdomo. Kilitoa ulimi mpana, mwili mzima ukatiririkia ndani ya ulimi huo, kisha kikatoa mwingine. Kilikuta kipunje cha kijani, kikakizunguka taratibu pande zote mbili, kikafunga. Kile kipunje kikabaki ndani, bado kinaonekana, kikisafiri pamoja na aliyekimeza.

"Jumatatu hii ilikuwa vumbi," nilisema.

"Jumatatu walikuwa wamelala. Maji yakikauka, amiba hujikunja, hujifungia ndani ya ganda gumu, hungoja. Mwezi. Mwaka. Miaka. Ukimrudishia maji huamka, na huamka na njaa."

Kioo kilitikisika mkononi mwa Annie, mwanga ukaruka ukutani. "Madamu, sasa mutu akikufia mu maji, hakuzikwa..."

"Annie, shika kioo."

"Minashika, Madamu. Ni mkono njo unakataa."

Madamu alinifundisha kazi kwa maswali matatu, nami nikayaandika kwa hati ya hakimu. La kwanza: yuko uchi, au ana nyumba? La pili: ile miguu ya bandia anayojitolea ni mipana kama ulimi, au myembamba kama uzi? La tatu, kwa mwenye nyumba: ameitoa mwilini mwake mwenyewe, au ameijenga kwa alivyookota?

"Ukipata majibu matatu umempata wa jamaa gani," alisema. "Na ukijua jamaa, utajua anakaa wapi. Amiba hana kitambulisho, lakini ana anwani."

Tulianza na C, udongo wa bustani. Humo mlikuwa na amiba wadogo mno, walio uchi, wembamba kama konokono aliyetoka gambani. Kila mmoja alitambaa kwa mkondo mmoja, akinyooka mbele bila mikono ya pembeni. "Hawa ni wa ardhini," alisema Madamu. "Kati ya punje na punje ya udongo kuna maji membamba kama karatasi. Mwenye nyumba kubwa hapiti humo. Anayeishi bustanini lazima awe mdogo, bapa, na mwepesi wa kulala."

Kisha B, buti za Venant. Humo mlikuwa na watu wa aina nyingine kabisa. Mmoja alivaa ganda la kahawia la duara, kama kofia ya askofu mdogo, na tundu katikati upande wa chini. Huyo ni Arsela. Ganda lake hulitoa mwilini mwake. Mwingine alikaa ndani ya chungu kidogo kilichojengwa kwa punje za mchanga zilizogandishwa moja moja, na kutoka mdomoni mwa chungu vilichungulia vidole vinene viwili, vikipapasa. Huyo ni Diflujia. Hajui kutoa ganda. Huokota.

"Hao ni wa maji," alisema Madamu. "Matope ya kinamasi, mashamba ya mpunga, kando ya ziwa. Kiringye, kama Venant alivyosema."

Akarudisha A, vumbi la nyayo, akatafuta kwa muda mrefu. Kisha akaacha hadubini na kufuta jicho.

"Madamu?" nikauliza.

"Kuna Arsela," alisema. "Kuna vyungu pia. Nyayo hazikutoka bustanini. Ni tope la maji."

"Kama la buti?"

"Andika tu ulichosikia."

Niliandika. Mkono wangu ulikuwa na baridi, labda kwa sababu ya kuosha vioo. Tulikuwa tumefanya kazi ya siku nne kumwokoa Venant, na ushahidi wa kwanza tulioupata ulikuwa wa kumpandisha gari.

*

Alasiri Madamu aliomba kumhoji. Askari mmoja aliyekuwa akila muwa alituruhusu kwa kichwa.

Venant aliketi juu ya jerikani, peku, vifundo vimevimba. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, ambaye kila asubuhi hututania kwamba tunakula kama nzige na kusoma kama mbuzi.

"Papa Venant," Madamu alianza, "Jumapili ulirudi saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, Madamu. Nilitoka Kiringye kwa miguu. Muke wangu alikuwa anapandikiza mupunga, nikamusaidia kidogo. Njo ile tope."

"Mlango wa bweni?"

"Saa mbili nafunga. Saa kumi na moja ya asubui nafungula. Ufunguo inalala ku shingo yangu. Hata muke wangu hajaigusaka."

"Hivyo vitambaa miguuni?"

"Buti ni za marehemu kaka. Alikuwa na mguu mukubwa. Nisipofunga vitambaa, buti inaenda Bujumbura, minye nabaki Uvira."

Yule askari alicheka, muwa ukamkwama. Madamu hakucheka.

"Usiku ule ulisikia kitu chochote?"

Venant alitazama chini. "Nilisikia."

"Mbona hukusema?"

"Nani ataniamini? Nilikuwa nje, nyuma ya ukuta. Nikasikia mutu iko anatembea mule ndani, polepole, kama mwenye kuvuta mguu. Chapu. Chapu. Halafu ikanyamaza. Halafu nikasikia kilio. Kidogo kidogo, kama ya mutu anafunga mudomo na bulangeti."

"Hukufungua?"

"Madamu, kwetu mutu akirudi namna ile hatumuangaliake uso. Nikasema Baba Yetu, nikasogea mbali." Alisogeza mikono iliyofungwa juu ya mapaja. "Na pia, niseme ukweli, niliona ana haki. Mnataka kuondoa matanga ya mutoto hatujaona mwili wake. Juu ya nini? Mutaosha godoro, mutakula wali, mutasema imekwisha. Imekwisha kwa nani?"

Madamu alichuchumaa mbele yake. "Tarehe mosi Aprili wewe ndiye uliyemfungulia lango?"

"Minye. Alikuja mbio, viatu havijafungwa kamba. Nikamwambia, mwanangu, leo hakuna ruhusa. Akasema, mama yake amefika Kavimvira. Mama ambaye hajamuona tangu vita ianze. Ningefanya nini? Weye ungefunga?"

"Nani alimwambia mama yake amefika?"

"Hakusema. Alikuwa anacheka, machozi yanatoka."

Hapo kalamu yangu iliishiwa wino. Ndivyo nilivyomweleza Madamu aliponiuliza kwa nini jibu hilo halikuandikwa. Alichukua kalamu, akachora mstari pembezoni mwa daftari, wino ukatoka mwingi, akanirudishia.

*

Ijumaa tuliamka na mawingu. Yalikuwa yameshuka kutoka milimani hadi juu ya paa la mabati, ziwa halikuonekana kabisa. Saa mbili, hakuna jua. Saa tatu, hakuna. Chini kwenye pozisyo tulisikia wakijaribu kuwasha gari: likakohoa, likazima, likakohoa tena. Madamu aliketi mbele ya hadubini yenye giza, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri zamu yake ya kuungama.

Saa nne kasoro robo mwanya ulifunguka upande wa Burundi. Annie alinasa mwanga kabla hajaambiwa.

Madamu aliweka B. Akatazama, akahesabu kwa sauti vyungu vya Diflujia: "Mchanga mweupe. Mweupe. Wa manjano. Mweupe." Akaondoa B, akaweka A. Akatazama. Hakuhesabu. Alisogeza kisahani huku na huku kwa muda ambao bibi yangu angemaliza mafumbo mawili ya rozari.

"Jana mwanga ulikuwa wa manjano mno," alisema hatimaye. "Irakoze, niambie rangi."

Niliinama. Chungu cha Diflujia kilikuwa katikati ya duara la mwanga, na mwenyewe hakuwamo; alikwisha kufa, nyumba ikabaki. Nyumba ile ilikuwa ya buluu. Si buluu ya anga. Buluu ya kanisa, ya dirisha la kanisa, vipande vyenye ncha vikishikamana, na mwanga ukipita katikati yake.

"Buluu," nilisema.

"Sogeza kisahani."

Nikasogeza. Chungu kingine. Buluu. Kingine, nusu mchanga nusu buluu.

"Diflujia hujenga kwa anachokanyaga," alisema Madamu polepole. "Kiringye nimefika. Hakuna mchanga wa buluu. Ziwani pia hakuna. Duniani kote najua mahali pamoja tu penye amiba wanaoishi ndani ya vioo vya buluu."

"Wapi?" aliuliza Annie.

"Kabati lile."

Akatueleza. Februari, kabla risasi hazijarudi mjini, alikuwa ametia tope la Ruzizi katika chupa pana za kioo tunazoziita bokali, moja hadi sita, kwa ajili ya somo. Katika bokali namba nne alitia chupa ya buluu ya dawa ya tumbo, iliyosagwa kinuni hadi ikawa unga, ili darasa lione kama amiba atajengea kioo akinyimwa mchanga. Kisha vita ikaja, kabati likafungwa, akaliacha.

"Hukumbuki somo hilo?" aliniuliza.

Sikulikumbuka, na nilikuwa na sababu ya heshima. Siku ile nilikuwa nimepiga magoti nje ya darasa, juu ya kokoto, kwa ajili ya chura aliyekutwa ndani ya sanduku la chaki.

"Niletee namba nne."

Nilikwenda kabatini. Nilirudi na bokali, nikaiweka mezani kwa adabu kubwa.

"Hii ni tatu, Irakoze."

"Karatasi imefifia, Madamu."

"Haijafifia. Annie, lete nne."

Annie aliileta mbele ya dirisha. Chini kulikuwa na tope jeusi, kidogo sana, unene wa vidole viwili. Juu yake kulikuwa na udongo mwekundu wa bustani, uliomwagwa ili chupa ionekane imejaa. Mstari uliogawanya rangi hizo mbili ulinyooka kama mpaka uliochorwa kwa rula.

"Nani ametoa tope, akajaza udongo?"

"Pengine amiba wenyewe, Madamu," nilisema. "Wanapenda kujenga."

Hata Annie hakucheka. Madamu alifuta kila kioo mwenyewe, kazi yangu ile, akavipanga ndani ya sanduku.

"Tangu tarehe mosi Aprili hakuna msichana aliyetoka nje ya lango," alisema akiwa amenipa mgongo. "Udongo wetu wote ni mwekundu. Mtu aliyetaka nyayo zionekane zimetoka majini hakuwa na tope jeusi popote, isipokuwa humu. Alidhani tope ni tope. Chukua daftari, andika. Moja: tope la nyayo halikutoka kwenye buti za mlinzi. Mbili: lilitoka ndani ya maabara hii. Tatu: mlango wa bweni haukufunguliwa, kwa sababu aliyetembea alikuwa tayari ndani."

"Na nne?"

"Nne ataisoma Komanda usoni mwangu. Twende, ni saa tano na nusu."

*

Gari lilikuwa limewaka. Lilisimama langoni likitetemeka, na Venant alikuwa amekwisha kusimamishwa nyuma yake, bado peku. Hakutazama mtu. Midomo yake ilikuwa ikitembea.

Komanda aliketi juu ya kiti cha plastiki. Madamu alimsomea. Alimweleza kofia za kahawia na vyungu vya mchanga, akamwonyesha kinu, akamwonyesha bokali. Lazima nimpe haki yake: alisikiliza. Aliinua bokali juani, akaitikisa, akaona chembe za buluu zikizunguka na kutua.

"Na ile kitu iko hai?" aliuliza.

"Iko hai."

Akairudisha mezani haraka. "Basi mwenye kuchezea askari yangu iko humu ndani ya shule. Ufunguo ya laboratwari iko kwa nani?"

"Kwangu," alisema Madamu.

"Nyingine?"

"Hakuna nyingine."

Ufunguo mwingine ulikuwa mfukoni mwa sketi yangu. Ulikuwa pale tangu Januari. Madamu ndiye aliyenipa, kwa mkono wake, mbele ya darasa zima.

Komanda alimtazama. Askari hutafuta mtu, si ukweli, na mtu alikuwa amejileta. "Weye mama, nilikuheshimu. Juma nzima bantu yangu wanalala macho juu ya mizimu yako. Fungueni yule muzee. Huyu atapanda."

Madamu hakubishana. Alichukua lenzi ya hadubini kutoka sandukuni, akaizungushia leso, akampa Annie. "Usiiache juani, itaunguza kitu." Kisha akakunja kitenge chake mbele ili apande gari vizuri.

Alipita karibu yangu. Hakuniita. Hakunitazama hata kwa lile jicho bovu.

"Ni mimi," nilisema.

Hakuna aliyesikia, kwa ajili ya injini. Nilipaza sauti. "Afande! Ni mimi! Ufunguo huu hapa!"

Komanda aliinua mkono, dereva akazima. Katika ukimya ule niliungama, na niliungama vizuri, kwa sababu nimesoma kwa masista. Nilieleza jozi mbili za soksi za sufu nilizovaa juu ya nyingine, nilizozificha baadaye chini ya pipa. Nilieleza tope nililobeba katika bakuli la uji. Nilieleza hatua kumi na mbili, polepole, kutoka kwenye pipa hadi kitandani, na jinsi nilivyovua soksi pale pale juu ya godoro na kupita juu ya vitanda vitupu vya ukutani hadi kwangu.

"Lete hizo soksi," alisema Komanda. Annie alikimbia, akarudi nazo, ngumu kama mbao. "Vaa. Tembea."

Nilitembea mbele yao, juu ya vumbi la lango. Hatua kumi na mbili. Nilipogeuka niliona nilichoacha nyuma yangu: nyayo zisizo na vidole, zikija kwangu. Askari aliyekuwa na muwa alirudi nyuma hatua moja. Mimi pia, ikiwa upelelezi unataka kila kitu kiandikwe.

Komanda alizitazama, akatema mate pembeni, akamkata Venant kamba kwa kisu chake mwenyewe. "Mizaha yako ilibakisha saa nusu iue mutu," aliniambia. "Mama mwalimu, mupige huyu mutoto. Minye sina wakati." Gari likashuka bila mtu nyuma.

Venant aliketi chini palepale aliposimama, akijisugua mikono. Mama prefe aliitwa. Nilikuwa tayari kwa fimbo, kwa kokoto, kwa ugali mkavu hadi Krismasi ya mwaka wa tatu. Nilikuwa nimekwisha kutunga hotuba ya kuomba radhi, yenye utangulizi na hitimisho.

Madamu alisimama mbele yangu. "Ulitaka kitanda kisiguswe."

"Ndiyo, Madamu. Utani tu."

"Utani hufanywa ili watu wacheke. Wewe ulitembea usiku ili watu waogope, kisha ukalia ndani ya blanketi hadi Venant akakusikia. Kwa nini hukutaka matanga yaondolewe?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na majibu matatu, yote mazuri. La kwanza lilimhusu mama prefe, la pili lilihusu sayansi. La tatu nimelisahau.

"Kwa sababu yakiondolewa atakuwa amekufa," nilisema.

"Na asipokufa?"

"Atakuwa bado yuko njiani anarudi. Atarudi anipige. Nilikuwa namngoja anipige, Madamu."

Venant aliinua kichwa.

"Ilikuwa tarehe mosi Aprili," nilisema. "Siku ya kudanganyana. Asubuhi nilikuwa nimemwambia Annie prefe anamwita, akaenda, tukacheka. Amandine hakucheka, alikuwa anasoma barua ya zamani ya mama yake. Nikamwambia mama yake amefika Kavimvira, anamngoja kwa wabadilisha pesa. Aliniuliza amevaa nini. Nikasema kitenge cha kijani. Sikujua kama mama yake ana kitenge cha kijani. Nilisema tu. Na kumbe anacho, Madamu, kwa sababu alipiga kelele, akaanza kukimbia.

"Nilipanda dirishani nimwone akirudi lango likimkatalia. Papa Venant akamfungulia. Ningeweza kuita. Nilikuwa na nafasi ya kuita, kuanzia langoni hadi kwenye kona ya chini, na yeye alikuwa anasikia. Sikuita, kwa sababu nilikuwa ninacheka sana, siwezi kusema. Niliendelea kucheka mpaka risasi ya kwanza."